Pembe za Namba Kumi na Moja

Kila nikisikia mtu akisema sungura hana shida, hasira hunipanda. Husemwa redioni, husemwa kwenye semina, husemwa kanisani siku ya akina mama: fugeni sungura, sungura hapigi kelele, anakula majani tu, hana shida. Ni kweli kabisa. Sungura hana shida yoyote. Wenye shida ni sisi tuliomshika masikio.

Kwetu ni Mbooni, upande wa juu, ambako mashamba yako kwenye mteremko mkali na boga likikuponyoka unakwenda kuliomba kwa jirani. Bomani tulikuwa wanawake watatu. Mama yangu, mwenye boma tangu baba afariki. Mimi, binti aliyeolewa kwingine akarudi baada ya miaka sita na mabegi mawili, na ambaye sasa nafundisha chekechea. Na wifi yangu, mjane wa kaka yangu, aliyetoka Mutomo, huko kusini mwa Kitui kwenye jua. Kaka alimwachia binti mmoja mdogo na nyumba ya vyumba viwili ambayo hakuwahi kuipiga lipu.

Baada ya mazishi, mama alisema mbele ya watu kwamba wifi anaweza kubaki. "Akae," alisema, "bora asituletee maneno." Watu walimsifu mama kwa moyo wake. Mimi pia nilimsifu, lakini niliisikia ile "bora," na nilipomtazama wifi nikajua ameisikia vilevile. Alikuwa amekubaliwa kwa sharti, na sharti lenyewe halikuwa na kipimo. Maneno ni nini? Yanaanzia wapi? Hilo lilikuwa mikononi mwa mama, na kwa kiasi fulani mikononi mwangu.

Niseme ukweli wangu mapema, kwa sababu nimechoka na watu wanaosimulia mambo wakijitoa wao wenyewe. Sikumtaka pale. Sikumchukia, la. Lakini shamba letu ni dogo, na kila alipopanda mstari wa maharagwe niliona ni mstari uliotoka kwangu. Tena niliogopa kwamba siku watu watakapomaliza kujiuliza mjane anafanya nini hapa, wataanza kujiuliza kuhusu binti aliyerudi.

Sungura ndio waliompa wifi heshima. Alikuja na jike mmoja kutoka kwa mama yake, wa rangi ya kijivu, mguu mmoja mweupe, akamleta ndani ya kiondo amefunikwa kwa leso. Kutoka kwa huyo mmoja alijaza banda. Alikuwa na mkono wa kufuga. Sisi tulikata majani asubuhi yakiwa na umande tukayatupa bandani, halafu tukashangaa matumbo ya sungura yanavimba na wanakufa. Yeye aliyaanika juu ya mabati mpaka yalegee, ndipo akawapa. Kwao Mutomo majani ni machache, kwa hiyo wamejifunza kuyaheshimu. Wanawake waliokuwa wakimcheka kwa matamshi yake ya Kitui walianza kupita bomani kumuuliza hili na lile. Na siku moja kanisani nilimsikia mama akimwambia mgeni, "Huyu ni mke wa mwanangu." Kabla ya hapo alikuwa "yule wa Mutomo."

Tulikuwa na kikundi, mwethya wa wanawake wa maboma kumi na moja. Zamani mwethya ulikuwa wa kuchimba matuta ya shamba, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Siku hizi matuta yamechimbwa, basi tukageukia sungura. Kila boma lilifuga wake, lakini tulikuwa na dume mmoja wa kikundi aliyezunguka boma kwa boma, na siku ya kupeleka sungura kwa mnunuzi kule Mbumbuni tuliwapeleka wote pamoja. Hapo ndipo vita vilipoanza. Sungura wa kijivu wote ni wa kijivu na wote wana masikio mawili. Wanawake wawili waliookoka, tena mmoja ni wa kwaya, walivutana sungura mmoja sokoni mpaka mnyama akalia. Kama hujawahi kumsikia sungura akilia, usiombe.

Mwenyekiti wetu akaamua tuwaandike namba. Kila boma na namba yake, sikio la kulia. Boma letu lilikuwa namba nne, la mama na mimi. Wifi alihesabiwa peke yake kwa sababu aliingia mwisho, akawa kumi na moja.

"Nani ako na mwandiko mzuri hapa?" mwenyekiti akauliza.

"Si ni mwalimu!" wakajibu wote, na mimi nikaona fahari.

Hatukuwa na kifaa chochote cha kazi ile. Tulichukua sindano ya gunia, ile nene ya kushonea magunia ya mahindi, na masizi ya sufuria yaliyokorogwa na mafuta ya kupikia. Ilikuwa Alhamisi, mkutano ukiwa nyumbani kwa mwenyekiti, wanawake wamepanga viondo vyao ukutani. Kazi ilikuwa hivi: mmoja anamshika sungura mapajani, mimi natandaza sikio kwenye kipande cha ubao, natoboa nukta kwa nukta mpaka namba ikamilike, halafu nasugua masizi kwa kidole yaingie kwenye vitundu. Damu ilikuwa kidogo tu. Nilikuwa na haraka na mkono wangu ulikuwa imara, na walinisifu.

Wa kwanza alikuwa dume wa kikundi, kwa heshima yake. Mwenyekiti alikuwa amemnunua majuzi kwenye soko la Mbumbuni, dume mweupe mkubwa kama paka aliyelishwa. Huyo alipewa alama ya msalaba badala ya namba. Nilipolishika sikio lake niliona kitu pale chini, karibu na kichwa, kati ya manyoya: kidogo, cheusi, kigumu. Nikasema ni kupe. Nikamchokoa kwa ncha ya sindano. Hakutoka. Nikachimba. Akatoka na damu kidogo, nikamtupa chini nikamkanyaga.

"Kupe wa soko," nikasema, na wanawake wakacheka.

Nikapangusa sindano kwenye leso yangu, nikasema, "Aje mwingine."

Mwingine alikuwa wifi. Alikuwa wa kwanza kwenye foleni kwa sababu alikuwa wa kwanza kufika, na alikuwa wa kwanza kufika kila mkutano tangu ajiunge. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mwenyeji anaweza kuchelewa akaja anacheka, mgeni akichelewa ana dharau. Alikuwa amewaleta sungura wadogo kumi na watatu. Yule jike wa Mutomo alimwacha nyumbani kwa kuwa alikuwa amezeeka na hakutaka ashikwe-shikwe. Namba kumi na moja ilikuwa rahisi kuliko zote: mistari miwili iliyosimama, basi. Niliwamaliza wale kumi na watatu upesi upesi, sindano ile ile, bado ina unyevu wa yule "kupe" wangu. Halafu wakafuata wengine wote mpaka jioni.

Wiki kadhaa zikapita. Wifi ndiye aliyeona kwanza. Masikio ya sungura wake yalikuwa na vipele vigumu. Mwenyekiti akamwambia ni ukurutu, apake oili chafu ya gari, ndiyo dawa tunayopaka kila kitu huku, kuanzia funza mpaka mbwa mwenye upele. Akapaka. Vipele vikakua. Vikawa virefu kuliko punje ya mahindi, halafu virefu kuliko kucha, vyeusi, vikavu, vimepasuka-pasuka juu kama ukucha wa mguu wa mzee. Na vilikuwa viwili viwili. Kila sungura, sikio la kulia, viwili vimesimama sambamba.

Binti yake alikuja kwangu mbio. "Shangazi, kuja uone! Sungura zetu zimeota pembe!"

Neno hilo lilishuka mlima haraka kuliko pikipiki. Kufikia Jumapili kila mtu alikuwa na habari ya sungura wenye pembe wa yule mama wa Kitui. Wengine walianza kunong'ona mambo ya uchawi, kwamba watu wa kwao hawatoki nyumbani mikono mitupu. Nikawakemea. Nilisimama kwenye mkutano nikasema mimi nimeokoka na nimesoma, na sitaki kusikia upuuzi huo. Nilijiona mtu wa maana sana siku hiyo. Kisha nikawaeleza, taratibu, kama ninavyowaeleza watoto wa chekechea, kwamba huu ni ugonjwa, na kila ugonjwa una chanzo. Sungura wa nani wanaugua? Wa namba kumi na moja peke yao. Ni nani aliyeleta sungura kutoka mbali? Namba kumi na moja. Kwa hiyo ugonjwa umetoka Mutomo na yule jike.

Afadhali ningewaachia uchawi wao. Uchawi una wapinzani, angekuwepo hata mzee mmoja wa kanisa wa kuinuka kuukana. Maelezo yangu hayakuwa na mpinzani, yalikuwa na sababu na mfano na sauti ya mwalimu. Nilimwona wifi amekaa kwenye ukingo wa benchi, mikono katikati ya magoti, akinitazama mimi tu. Angeinuka akasema nini? Nani angemsikia?

Kikundi kiliamua sungura wote wa namba kumi na moja wauawe, wote, na mwenyewe awaue, na wawili washuhudie ili pasiwe na kufichaficha. Nilichaguliwa shahidi. Mama alisema uamuzi ni mzuri.

Nataka kuiandika asubuhi ile bila kuipaka sukari. Tulikwenda saa tatu, mimi na mwanamke wa boma namba saba. Wifi alikuwa amekwisha chimba shimo na kuweka ndoo ya majivu kando. Alimtoa mmoja mmoja kutoka bandani, akamshika miguu ya nyuma, akampiga nyuma ya shingo kwa kipande cha mti. Pigo moja. Hakukosea hata mara moja. Nilikuwa nimeshika gunia, na kila mara aliponiletea mmoja niliona zile pembe mbili zikining'inia na sikio.

Alipofika kwa jike wake wa Mutomo, alisimama. Alimkumbatia kifuani.

"Wifi, huyu hukumwandika," akaniambia. "Na hana kitu. Hebu mwangalie masikio."

Sikuangalia. "Walisema wote," nikajibu. "Wote ni wote."

"Si mnasema huyu ndiye alileta ugonjwa? Kama ni yeye alileta, mbona yeye ni safi?"

Nasimama hapo kila siku. Lilikuwa swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa katika jambo lile, na liliulizwa na mtu asiyemaliza darasa la nane, kwa mwalimu. Jibu lilikuwa ndani ya swali lenyewe: huyu hukumwandika, na hana kitu. Alikuwa ameniwekea mkononi. Ningelinyamazia hata dakika moja tu ningeliona.

"Mnyama anaweza kubeba ugonjwa bila kuuonyesha," nikasema. Nililisikia hilo mahali fulani.

Yule wa namba saba akatikisa kichwa kukubali, mwalimu amesema. Wifi akageuka akatupa mgongo, akampiga. Huyo akawa wa mwisho kuingia kwenye gunia, na alikuwa bado na joto. Tulifukia, tukamwaga majivu, tukaweka mawe. Binti yake alikuwa shuleni, na nashukuru kwa hilo, ingawa shukrani yenyewe inanitia aibu.

Jioni, mama alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharagwe. Hakuinua kichwa. "Nilisema asituletee maneno," akasema.

Wifi hakufukuzwa. Hakuna aliyewahi kumwambia ondoka. Sisi ni watu wastaarabu, tunajua kumtoa mtu bila kufungua mdomo. Salamu zinapungua. Mtu anaomba chumvi anaambiwa imeisha. Kanisani anaitwa tena yule wa Mutomo. Wiki iliyofuata alifunga vitu vyake, akapakiza binti na godoro kwenye bodaboda mbili, akaacha ufunguo juu ya jiwe la mlangoni. Mwenyekiti alikuja kuwaombea safari njema, kwa sala ndefu. Nilisimama pale nimefumba macho, na nilichohisi kilikuwa nafuu. Sitasema uongo. Siku ya pili nilipanda mboga kwenye kipande chake.

Halafu vipele vikaanza kwetu.

Kwanza boma namba mbili. Kisha namba saba, yule shahidi mwenzangu. Kisha wa kwangu. Mwenyekiti akaniagiza nipige simu kwa daktari wa mifugo, jambo ambalo hatukuwahi kulifikiria wakati wagonjwa walikuwa wa wifi. Hebu lisome tena hilo. Alikuwepo siku zote, ofisi yake ni mwendo wa pikipiki, na sisi tulipiga kura.

Alikuja siku mbili baadaye, kijana mpole mwenye buti za mpira. Akamshika sungura wangu mmoja, akaligeuza sikio kuelekea mwanga. Alikaa nalo muda mrefu. Akapitisha kalamu juu ya zile pembe, polepole, bila kuzigusa, akizifuata zilivyoota.

"Mwalimu," akasema, "nyumba yako ni namba ngapi?"

"Nne."

"Angalia."

Nikaangalia. Pembe zilikuwa zimeota mstari unaoshuka, mstari unaolala, na mstari mwingine unaosimama. Ilikuwa nne. Ilikuwa nne yenye ule mkia ninaouweka mimi, ambao watoto wangu wa chekechea wote wanauiga.

Akaomba aone za namba saba. Zilisomeka saba. Namba mbili ilikuwa na shingo ya mbili na kiti chake. Wanawake walikuwa wamekusanyika sasa.

"Nani aliandika hizi?"

"Ni mimi."

"Sindano ngapi?"

"Moja."

"Uliichoma kwa moto? Ulipaka spiriti katikati ya huyu na huyu?"

"Nilipangusa."

"Na ulianza na nani?"

Dume akaletwa. Pale chini ya sikio, pale pale nilipochimba, palikuwa na shada zima la vitu vile, vimezunguka kovu. Daktari akatikisa kichwa. Akasema aliyaona hayo chuoni tu, kwenye picha, na atachukua kipande apeleke maabara, lakini hana shaka sana.

"Hiyo haikuwa kupe," akasema. "Ilikuwa chunjua. Hii ni virusi, inafanya uvimbe kwa ngozi. Haiwezi kuingia ngozi nzima, inataka mahali pametobolewa. Sasa nyinyi mmeitobolea." Akageuka kwangu, bila ubaya wowote. "Wa pili baada ya dume alikuwa nani? Huyo ndiye alipata nyingi zaidi, na ndiye angeonyesha mapema."

Wote tulijua. Nilikuwa naona mistari miwili iliyosimama sambamba, viwili viwili, kila sikio la kulia. Tuliziita pembe kwa sababu mistari miwili inafanana na pembe za mnyama. Zingekuwa za namba nane tungezisoma siku ya kwanza. Hazikuwa pembe. Zilikuwa kumi na moja, kwa mwandiko wangu.

Wifi aliadhibiwa kwa kuwahi mkutanoni.

Kulikuwa na mengine. Nilimuuliza daktari kama ilikuwa lazima kuwaua wote. Akasema la, wangetengwa tu, wengine pembe zingeanguka zenyewe wakapona, wachache zingegeuka kansa na hao ndio wa kuondoa. Mtu hadhuriki nazo. Nikamuuliza kuhusu jike ambaye hakuandikwa na hakuwa na alama yoyote. Akanishangaa. "Huyo alikuwa na kosa gani?" akasema.

Alipoondoka, mwenyekiti aliita mkutano hapo hapo. Daktari alikuwa ametaja pia kwamba mbu na wadudu wanaouma wanaweza kusambaza virusi hivyo. Alitaja mara moja tu, akiwa anafunga mkoba wake. Mwenyekiti alidaka neno hilo kama mtu aliyetupiwa kamba mtoni.

"Basi tumejua ni mbu," akasema. "Katibu, andika mbu."

Nikasema si mbu, ni sindano yangu, na kwamba tumemfukuza mtu asiye na hatia na lazima tumwandikie na tumrudishe. Nilikuwa nalia na nilikuwa napiga kelele, yote mawili.

"Mwalimu, kaa chini," akaniambia. "Unataka Mbooni nzima itucheke? Unataka kikundi ivunjike? Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Achia Mungu."

Achia Mungu! Maneno hayo nimeyachukia mpaka leo. Mungu hakushika sindano. Mungu hakusimama na gunia. Tuliyafanya sisi kwa mikono yetu mchana kweupe, halafu tunamtupia yeye kama nguo chafu. Nikawaangalia mmoja mmoja, wanawake niliokua nao, na wote walikuwa wanaangalia viondo vyao. Walikuwa na nafuu ile ile niliyokuwa nayo mimi wifi alipopanda bodaboda. Niliitambua, na ndiyo sababu niliwachukia zaidi. Nyani haoni kundule, lakini siku hiyo nililiona la kwangu vizuri sana.

Nilikwenda Mutomo shule zilipofungwa. Nilibadilisha gari Kitui mjini, nikashuka kwenye vumbi na mbuzi, nikauliza njia mpaka kwa mama yake. Wifi alikuwa nyuma ya nyumba, na alikuwa na banda jipya la fito na waya. Alikuwa amekonda. Alinipa kiti, akaniletea maji ya kunywa, akaniuliza habari za mama. Adabu zote alinipa. Nilimweleza kila kitu, dume, kupe, sindano, namba nne yenye mkia. Hakushtuka.

"Nilijua," akasema. "Siku ile nilikuambia huyu hukumwandika. Nilidhani umesikia."

"Sikusikia."

"Ulisikia, wifi."

Binti yake alitokea na sungura mchanga mkononi, amefurahi kuniona, ananinyoshea. "Shangazi, shika!" Nikanyosha mikono. Wifi akamdaka mtoto begani.

"Shangazi anawe kwanza," akasema.

Akaleta beseni na kipande cha sabuni, akanimiminia maji mwenyewe kutoka kwenye jagi, na huko maji yanatoka mbali kwa punda. Nilinawa mpaka kwenye viwiko. Nilipomaliza, sungura alikuwa amekwisha rudishwa bandani.

"Umewaambia kikundi?" akaniuliza.

"Niliwaambia."

"Wakaandika nini?"

"Mbu."

"Nani aliandika?"

Mimi ndiye katibu. Nilikuwa nimepiga kelele, nimelia, halafu nikakaa chini nikachukua kalamu.

"Na mama?" akasema. "Mama anajua?"

Hilo ndilo nililokuwa naliogopa njia nzima. Mama hakuwepo siku ya daktari, alikuwa kwenye ibada ya maombi. Mpaka leo akipata mgeni humwambia kwamba mke wa mwanawe alituletea ugonjwa kutoka Kitui ukamaliza sungura, na kwamba Mwenyezi alituondolea. Na mimi huwa naleta chai.

"Mwambie mama," wifi akasema. "Mimi sitaki barua ya kikundi. Boma ni la mama. Ukimwambia yeye, nitarudi na mtoto wangu kwa nyumba ya baba yake. Usipomwambia, usikuje tena."

Nikaahidi. Nilimtazama machoni nikaahidi.

Hiyo ilikuwa shule zilipofungwa, na zimefungwa tena mara mbili tangu wakati huo. Mboga zangu zimestawi kwenye kipande chake. Kila jioni naketi na mama tunachambua maharagwe, na kila jioni nafungua mdomo nikauliza kuhusu mgongo wake. Najua ninachoogopa. Naogopa atanyamaza, atamaliza ungo wake, halafu aseme kwa upole ule ule kwamba hata mimi ninaweza kukaa, bora nisilete maneno.

Basi nimeyaandika yote haya, kila kitu, mpaka hapa. Nimeyaandika kwa Kiswahili. Mama yangu husoma Kikamba tu.